Nyota mbili na nusu kwa akedi ya vioo vya buluu

Katika miaka 19 ya kushona gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, ya kwanza kurudishwa dukani kwangu ilirudishwa kwa kosa la dirisha. Mama mwenyewe hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kitambaa chake kilikuwa rangi ya embe bivu, mshipi na vifungo nilivyomwekea vilikuwa vya embe bichi, na arusi ya mdogo wake ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia pole mama, nikaibeba ile nguo mpaka barabarani, juani, nikaona anachokiona. Ilikuwa aibu. Kisha nikageuka nikalitazama jengo nililopanga, linang'aa kama miwani ya dereva wa basi, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa.

Basi hii ni tathmini ya jengo hilo, kwa faida ya yeyote anayefikiria kupanga chumba cha biashara katika akedi mpya, yaani jengo la ghorofa la maduka mengi ya kupanga. Jina silitaji, wala la mwenyewe. Watu wa Jinja mtalitambua, na nyie wa Mbale, Masaka au Arua mna la kwenu linalofanana nalo kama pacha. Nilikaa humo miezi 14. Chumba kiko chini, upande wa barabara, shilingi 650,000 kwa mwezi, miezi mitatu mbele, amana ya mwezi mmoja, na kilemba (pesa ya kupewa ufunguo) cha milioni moja na nusu ambacho hakikuandikwa popote. Dalali alinishika kwa sentensi moja: "Nyabo, hapa Kampala imekufuata nyumbani." Nikalipa siku ileile, nami si mtu wa kulipa siku ileile.

Ukiingia, mkono wa kulia, kuna picha kubwa ndani ya fremu. Mnaijua picha hiyo, zile zinazotengenezwa kwa kompyuta kabla ya kujenga. Jengo limesimama chini ya anga safi, mbele kuna nguzo na njia ya miguu yenye kivuli, miti miwili, magari matatu yameegeshwa kwa adabu, mzungu mmoja anatembea na mkoba, na pembeni, naapa, mtu kwenye kiti cha magurudumu anapanda mteremko mrefu huku akitabasamu. Miezi 14 nimepita mbele ya picha hiyo kila asubuhi. Katika vyote vilivyochorwa mle, kilichojengwa ni vioo.

Nianze na njia ya miguu, kwa kuwa hapo ndipo penye pesa.

Kwa ambaye hajafika kwetu: Main Street ya Jinja ni mtaa wa maduka yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mengine bado yana mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya paji, na mengine yana jina la familia iliyopewa siku 90 na Amin mwaka 1972 iondoke nchini. Nyumba hizo zimesimama bega kwa bega katika mstari mmoja, na kila moja imetoa baraza mbele yake, lenye nguzo na paa linalofunika njia ya miguu. Baraza la duka hili linaishia pale linapoanzia la jirani. Mvua ya ziwani, ile inayoanza kabla wingu halijafika, ikimkuta mtu na kitambaa cha hariri mkononi, anatembea chini ya mabaraza taratibu kama anakagua gwaride. Nyumba kumi haziwezi kulinganisha mabaraza kwa bahati. Palikuwa na mtu aliyeshika rula akasema hapa ndipo ukuta utakapokaa, na hapa mbele ni pa mpita njia, hata kama ardhi umeilipia wewe.

Mimi mwenyewe nilianzia barazani. Mafundi cherehani wengi wa nchi hii walianzia barazani: unakodi kona, cherehani moja ya mguu, kiti kimoja cha mteja. Watu wa pwani wana mabaraza yao ya mawe ya kukalia na kupiga soga. Sisi baraza letu ni la kufanyia kazi, soga inakuja yenyewe.

Akedi yangu haikutoa baraza. Imerudi nyuma ya mstari hatua nne hivi, na mbele yake pamemwagwa jukwaa la zege lililoinuka sentimita 62. Najua ni 62 kwa sababu nilitoa tepu yangu ya kazi nikapima. Mpita njia anayetoka kwa majirani chini ya kivuli anafika kwetu, anakutana na ukuta wa zege uliomfika juu ya goti, basi inabidi ashuke barabarani katikati ya bodaboda, apite, kisha apande tena upande wa pili. Mtaa umeng'olewa jino. Na wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, wazee, wanavuka kabisa na kutembea upande wa pili wa barabara.

Sasa sikilizeni hesabu ya biashara yangu. Mteja wa gomesi hanunui kama anayenunua chumvi. Anapita mara ya kwanza, anatupa jicho. Anapita tena na dada yake. Mara ya tatu anaingia kuuliza bei, anatoka. Ya nne ndipo anapoleta kitambaa, mita sita zake, na habari nzima ya arusi ama kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Nikiondolewa zile mara tatu za kupita, ya nne haiji. Kwenye duka langu la zamani nilikuwa nikipokea wateja wapya wanne au watano kwa juma. Kwenye akedi, yapo majuma niliyompokea mmoja, na huyo alikuwa ameelekezwa kwa simu.

Nilimweleza mwenye jengo. Si mtu mbaya, na nitamtendea haki: alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Gomesi, baraza halilipi kodi. Benki haisubiri baraza." Ukikaa ukafikiria, hoja yake ina miguu. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, mkopo una riba, na kila hatua unayomwachia mpita njia ni hatua ambayo hukupangisha. Nikamjibu kwamba baraza linalipa, ila linalipia kwenye vyumba vilivyo nyuma yake. Akacheka. Vyumba vitatu vya upande wangu vilikuwa vitupu wakati huo.

Vioo sasa. Hapa mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo nilipozaliwa. Baba yangu alikuwa Nytil, kiwanda cha nguo, upande wa kutia rangi. Sisi ni watoto wa Walukuba, tuliokulia Kiswahili cha zamu ya usiku: baba Mluo kutoka ng'ambo ya mpaka, jirani Msamia, jirani Mnubi, wote wanapatana kwa lugha ya mashine. Baba alikuwa na sheria moja aliyoileta hadi mezani: rangi haiamuliwi chini ya taa. Vitambaa viwili vinaweza kuonekana ndugu chini ya balbu ya mrija, ukavitoa nje vikakanana. Kiwandani walikuwa wakibeba kipande mpaka mlangoni kabla ya kusema ndiyo.

Kioo cha buluu kinachoakisi kinakuletea balaa pande zote mbili. Kwa ndani, mwanga wa jua unapita ukiwa umekwisha chujwa: njano inaelekea kijani, nyekundu inapoa kama chai iliyosahauliwa, na rangi ya machungwa, ambayo mama wa huku kwetu Busoga wanaipenda mno, inakufa kabisa. Kwa hiyo mchana kweupe unawasha taa, na taa nayo ina uongo wake. Baada ya ile gomesi ya embe, nilimwajiri kijana ambaye kazi yake nusu ilikuwa kupanda na kushuka lile jukwaa na vitambaa begani, akalinganishe nyuzi barabarani. Wenye bodaboda wakambatiza jina Bendera.

Kwa nje, mchana, kioo kile ni kioo cha kujitazamia. Juma la kwanza nilifurahi sana: wasichana walikuwa wakisimama mbele ya dirisha langu kila saa. Nilikuwa nimevika sanamu mbili gomesi zangu nzuri kuliko zote, moja ya zambarau yenye mabega yaliyosimama kama masikio ya paka. Nikatoka kuwakaribisha. Kumbe wanarekebisha vilemba. Hakuna aliyekuwa akiiona zambarau yangu. Jioni tu, taa zikiwaka ndani na giza likiwa nje, ndipo dirisha lilipokuwa dirisha, na jioni watu wanawahi matatu.

Na joto. Jinja iko karibu kabisa na ikweta, uso wa jengo unaelekea magharibi, na vioo vimegandishwa, havifunguki hata kimoja. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja chumba kilikuwa tanuri. Feni mbili, yaka, umeme wa kulipia kabla, inaisha kama imetobolewa. Na umeme wenyewe tulikuwa tunauziwa na mwenye jengo kutoka mita moja, kwa bei yake, kwa hesabu ya daftari lake. Sitaendelea, mnajua.

Nina mtoto wa dada yangu anayesomea mipango miji huko Marekani. Nilipomlalamikia kwa simu alicheka kwanza, halafu akaniambia mambo mawili niliyoyaandika nyuma ya risiti. La kwanza, kwamba miji mingi ya huko ina kanuni za majengo ya biashara zinazosema wazi kuwa sehemu fulani ya ukuta wa chini unaotazama barabara lazima iwe kioo cheupe, cha kuonekana ndani, na vioo vya kuakisi haviruhusiwi pale chini. La pili, kwamba New York ilitunga sheria yake ya kanda za ujenzi mwaka 1916 baada ya watu kuchoshwa na majengo marefu yaliyowaibia wengine jua. Ikabidi jengo likipanda, lirudi nyuma ngazi kwa ngazi, mwanga ufike chini barabarani. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita kuna watu waliokaa mezani wakajadili mwanga kama mimi ninavyojadili pindo. Nilifarijika, ingawa kodi ilibaki palepale.

Tusije tukadhani sisi hatuna sheria. Tunazo. Sheria ya Mipango ya Maeneo ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hakuna kiwanja kinachoweza kusema mimi sikuhusika. Mpango wa mji unagawa kanda: hapa biashara, hapa makazi, hapa viwanda, na ndani ya kila ukanda unaweza kusema jengo lisogee umbali gani kutoka barabarani, lifunike kiasi gani cha kiwanja, lipande hadi wapi, magari yakae wapi. Halafu kuna Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013, iliyoleta kamati za ujenzi katika wilaya na miji na ofisa wa kudhibiti ujenzi, na juu yao bodi ya taifa. Kanuni za ujenzi zenyewe zikafuata miaka kadhaa baadaye. Sikuyajua haya yote nilipolipa kilemba. Niliyapata baadaye, kwa fundi mchora ramani niliyemshonea suti ya kwanjula. Tulilipana nusu kwa pesa, nusu kwa elimu.

Huyo ndiye aliyeniambia kwamba kibali cha kujenga na kibali cha kuingia watu ni karatasi mbili tofauti. Ya kwanza inasema ramani yako imekubaliwa. Ya pili inasema tumelikagua jengo lililosimama, na watu wanaweza kulitumia. Nikaenda kwa mwenye jengo nikaiulizia ile ya pili. "Iko njiani," akasema. Nikaulizia tena baada ya Pasaka. Iko njiani. Nikaulizia mwezi wa nane. Ikawa utani wetu pale kwenye korido: maji yakikatika, yako njiani, mlinzi akichelewa, yuko njiani.

Korido yenyewe. Kwenye ramani, kwa mujibu wa fundi wangu aliyewahi kuiona, ghorofa ya chini ina maduka sita makubwa na korido ya mita mbili. Leo kuna maduka 17. Karibu kila chumba kimekatwa vipande vitatu kwa mbao nyepesi, unasikia jirani akihesabu pesa, na kandokando ya korido vimepachikwa vibanda vya pesa za simu. Nilipima panapopita watu: sentimita 112. Watu wawili wenye mifuko hawapishani bila kuombana radhi. Mlango wa nyuma wa dharura upo, umeandikwa kwa rangi nyekundu, na una kufuli. Kwa ajili ya wezi, tuliambiwa. Ufunguo anao mlinzi, naye mlinzi mnajua yuko wapi. Jirani yangu wa kulia aliuza magodoro ya sponji, jirani wa kushoto ana pasi tatu za umeme, na katikati mimi na marobota ya poliesta. Usiku nilikuwa naamka nikiifikiria kufuli ile.

Maegesho yaliyochorwa chini ya jengo ni maduka pia sasa, ya viatu. Choo: viwili kwa jengo zima, ghorofa ya tatu, shilingi 300, na ufunguo unafungwa kwenye chupa ya maji usije ukaondoka nao.

Lakini kilichoniumiza kuliko choo na joto ni lile jukwaa, kwa sababu ya Mwalimu.

Mwalimu ni mteja wangu tangu nikiwa barazani. Amestaafu, anatumia kiti cha magurudumu tangu alipopata ajali, na hakuna mwanamke Jinja anayevaa gomesi kama yeye. Akikaa, pindo linamwagika juu ya magurudumu kama maji. Gomesi ya mtu anayekaa haikatwi kama ya anayesimama: mshipi unapandishwa kidogo, mbele panafupishwa, nyuma panapunguzwa kitambaa kisije kikasongwa. Tulijifunza pamoja, miaka. Nilipohama alinipigia, "Mwanangu, nakuja kuona ikulu yako." Akaja na mjukuu wake.

Rampu ipo. Msije mkasema hakuna. Iko ubavuni, nyuma ya jenereta, na ina urefu wa sentimita 196. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita moja unayopanda, uende mbele angalau 12. Kupanda 62 kunahitaji mita saba na nusu, kasoro kidogo. Sisi tuna mita mbili kasoro. Hiyo si rampu, ni ubao wa kupakia ng'ombe. Mjukuu alisukuma, kiti kikapanda nusu, kikaanza kurudi, akakishika mwenye bodaboda. Mwalimu hakusema neno. Alijipangusa magoti, akanitazama mimi niliyesimama juu ya jukwaa na tepu shingoni, akasema: "Nipimie hapahapa." Nikampima barabarani, nimepiga magoti kwenye vumbi, pikipiki zinatupigia honi. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mji huu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ipo, na viwango vya majengo kufikika navyo vipo. Na kwenye picha ya mlangoni, mtu wa kiti cha magurudumu bado anatabasamu. Siku hiyo nilitaka kuishusha.

Mema yake, maana nimesema nyota mbili na nusu, sikusema sifuri. Sakafu ni vigae, hakuna vumbi, na pindo la gomesi nyeupe lilibaki jeupe. Kwenye nyumba za zamani za saruji iliyochakaa nilikuwa natandika mashuka. Mlango wa chuma wa kukunja ni imara, sijaibiwa hata sindano. Paa halivuji. Kuna wateja wanaopenda neno akedi. Bibi arusi wa Kampala hataki kuambiwa gomesi yake ilishonwa barazani karibu na muuza rolex, zile chapati za kukunja na mayai. Mwenye jengo anatoa risiti, na kodi haikupanda kwa miezi yote 14. Na mlinzi wa usiku, tofauti na wa mchana, alikuwa mcha Mungu kweli.

Kuhusu Mungu: ghorofa ya tatu, ambapo kwenye ramani pameandikwa ofisi, pamekuwa kanisa. Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na spika nane Jumatano saa saba mchana wakati nakata hariri. Na uani palipoachwa wazi kwa ajili ya hewa, kijana alifungua kazi ya kuchomelea mageti. Ukanda wa biashara, ndiyo, lakini cheche za kuchomelea na godoro la sponji kuta mbili tu katikati, huo ni ukanda gani? Nilipouliza nikaambiwa kila mtu anatafuta riziki. Kweli. Hata moto.

Niliondoka mwezi wa 15 ulipotaka kuanza. Nimerudi mtaa wa mabaraza, nyumba ya zamani, chumba chenye dari juu kama msikiti na matundu ya hewa karibu na paa. Msidhani nimerudi peponi. Popo wanaishi juu ya dari na wana harufu yao. Bati linavuja mahali pawili, ndoo zangu zina vituo vyao maalumu. Choo kiko uani na tunachangia na mgahawa. Mwezi uliopita tuligundua mchwa wamekula fremu ya mlango, tukawa tunaufungua kwa heshima. Na mwenye nyumba anasema anafikiria kubomoa ajenge akedi. Nikamwuliza, ya vioo? Akasema, ya vioo, mama, ya kisasa. Nimemwambia akianza kuchora aniite na tepu yangu, bure.

Ila kizingiti cha baraza kina sentimita 11, na mafundi wa mbao wa jirani wakaniwekea kibao cha mita moja na nusu. Mwalimu anaingia mwenyewe, kwa mikono yake, anazunguka hadi dirishani na kuanza kunikosoa. Wateja wapya juma lililopita walikuwa sita. Bendera sasa anajifunza kukata.

Ukitaka kupanga akedi mpya popote, nenda saa tisa mchana, si asubuhi anapokupeleka dalali. Beba kitambaa cha machungwa na cha njano. Uliza kibali cha kuingia watu, ukiambiwa kiko njiani, na wewe sema pesa ziko njiani. Tafuta mlango wa pili, uusukume. Pima korido kwa mikono yako uliyoinyoosha. Hesabu maduka uliyoyaona, kisha nenda ofisi ya jiji uombe kuambiwa ramani ilisema mangapi. Mimi nilipoenda kwa ajili ya leseni ya biashara niliuliza kwa heshima, nikajibiwa kwa heshima.

Amana yangu, laki sita na nusu, bado haijarudi. Naifuata kila mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho nilimkuta mke wa mwenye jengo ofisini, ghorofa ya kwanza, ana mita sita za hariri mezani. Binti yao anafanya kwanjula. Akanishika mkono, "Mama Gomesi, umekuja vizuri. Hii ni kijani ya parachichi ama ni ya bahari? Wananiambia maneno mawili." Nikamwambia mimi humu ndani siwezi kujua. Akakisogeza dirishani, akakigeuza, akakunja uso. Kisha akakibeba begani, akashuka ngazi, akapita korido kwa ubavu, akashuka jukwaa akiwa ameshika ukuta, akasimama katikati ya bodaboda na kukiinua juani.

"Ya parachichi," akanipigia kelele kutoka barabarani.